Nilikuja Jumanne

Kilichomchafua moyo Mama Pasi hakikuwa kisu. Kisu hakukihisi, maana jicho lilikuwa limepigwa ganzi likawa kama la mtu mwingine. Kilichomchafua ni makofi. Alikuwa amelala chali, uso mzima umefunikwa kitambaa cha kijani isipokuwa hilo jicho, akasikia ukumbi mzima wa madaktari ukimpigia makofi mkwe wake kwa kuufungua utando wa nje bila kumwaga damu nyingi. Mtu hupigiwa makofi akiimba, akioa, akimaliza shule. Yeye alikuwa amelala hapo akipumua joto la kinywa chake mwenyewe, na huko ukumbini mtu alikuwa anatafuna kitu kikavu karibu na kipaza sauti.

Lakini makofi yana chanzo chake, na chanzo ni jicho.

Jicho lenyewe lilikuwa la kulia, na lilikuwa la pekee. La kushoto liliharibika zamani, siku dumu la dawa ya kung'arishia mashuka lilipopasuka mbele yake katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, naye akiwa bado msichana mdogo kazini. Hakuacha kazi. Alibaki na lile moja, akapanda hadi akawa msimamizi wa chumba kizima, na lile moja likawa balaa kwa wenzake, kwa sababu lilikuwa likiona kikunjo hata kwenye shuka lililokwisha kukunjwa na kupangwa kabatini. Ndipo wakampachika jina la Mama Pasi. Mwanzoni lilikuwa la kumsengenya, baadaye likawa la heshima, na alipostaafu hakuna aliyekumbuka jina lake jingine.

Uzee ulipoanza kumgongea mlango, jicho likapata mtoto wa jicho, akawa anaiona dunia kama iliyomwagiwa maziwa. Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa daktari wa upasuaji wa macho. Akamfanyia mwenyewe. Alitoa lenzi iliyochafuka, akaweka ya bandia, na bandeji ilipofunguliwa Mama Pasi alimtazama binti yake kuanzia juu hadi chini akamuuliza, "Hilo gauni umelipiga pasi kwa miguu?" Walicheka mpaka wakatoa machozi. Mkwe alivimba kichwa kidogo, na siku ile haki alikuwa nayo.

Kwa hiyo mtu asidhani Mama Pasi alikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo. Alimpenda. Alimsifia kwa majirani hadi majirani wakaanza kumkwepa njiani.

Kisha ikaja Jumanne. Asubuhi aliona vimulimuli pembeni mwa jicho, kama mtu anayewasha na kuzima taa katika chumba cha jirani. Vikafuata vidoa vyeusi vilivyoelea huku na huku, akavipunga kwa mkono akidhani ni inzi. Alipokuwa anamaliza chai, kivuli kilikuwa kimeinuka chini kabisa ya upeo wa jicho lake, kama ukingo wa meza mahali ambapo hapakuwa na meza. Aliinama kuzitafuta ndala zake asizione. Akazipapasa kwa miguu, zilikuwa pale pale.

Binti yake alikuja na teksi, mimba yake ya miezi minane ikimtangulia mlangoni, akampeleka hospitali moja kwa moja kwa mumewe. Mkwe alimkalisha kwenye mashine ya kutazamia jicho, akamwekea kidevu mahali pake, akamulika. Aliendelea kutazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake.

"Mama, retina imebanduka," alisema. "Ni ule utando wa nyuma ya jicho, unaopokea picha. Huwatokea wachache waliotolewa mtoto wa jicho. Umetoboka mahali fulani huko juu, maji yamepenya nyuma yake, sasa unaachana na ukuta kidogo kidogo."

"Unarudishika?"

"Unarudishika. Bahati yako, kiini hakijabanduka bado. Kiini ni pale katikati, ndipo unaposomea na kutambulia sura za watu. Kikiwa bado kimeshika, tunairudisha retina na unaona kama zamani. Kikishabanduka, hata tukiirudisha, pale katikati hapawi tena kama palivyokuwa."

"Basi nirudishie."

"Jumamosi."

"Na leo kuna nini?"

Mkwe alizima taa ya mashine. "Chumba cha upasuaji kimejaa, Mama. Na mimi nataka nikufanyie kwa nafasi, nisiharakishwe na mtu."

Mama Pasi alimshukuru. Hiyo shukrani ilikuja kumkera baadaye kuliko kitu chochote, kila akikumbuka alivyoitoa, kwa mikono miwili na kichwa kimeinama. Wakati ule hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na haja moja tu duniani, nayo alimwambia binti yake waziwazi walipokuwa wanasubiri kitanda. "Nataka nimwone huyo mtoto sura yake siku ya kwanza, kabla hamjaanza kunidanganya kwamba anafanana na baba yake."

"Na kama kweli anafanana naye?"

"Basi tutamwombea."

Alilazwa. Akaambiwa alale chali, asiiname, asihangaike. Jumatano kivuli kilikuwa kimepanda kikafuta miguu ya kitanda. Alhamisi asubuhi kilifuta sahani mapajani, akawa anakula kwa kukisia, na muuguzi akamfuta uji kwenye kola bila kusema neno. Kwa mwanamke aliyekuwa akirudisha kitambaa cha meza kwa sababu ya doa la ukubwa wa punje, uji kwenye kola ulikuwa tusi.

Siku hiyo hiyo walimpeleka kwenye chumba cha vipimo, na kwenye benchi la nje akakuta mwenzake wa kusubiri. Alikuwa dereva wa lori wa zamani, mzee mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuongea juu ya injini.

"Na wewe ni wa Jumamosi?" dereva aliuliza.

"Ndiyo. Chumba kimejaa."

"Nani kakwambia kimejaa? Jana nimekaa hapa mchana kutwa, wameingia wawili, mlango ukafungwa, wakaenda zao." Alimsogelea. "Sisi ni wa mashindano, dada yangu. Kuna mkutano mkubwa wa madaktari wa macho, tutaonyeshwa kwenye skrini. Wewe utatengenezwa kwa mkanda, mimi kwa gesi. Watu watatazama ipi ni bora. Hujaambiwa?"

"Sijaambiwa."

"Mimi niliambiwa nikakubali. Langu lilishakufa katikati tangu mvua zilizopita, nikasema acha wajaribu, nitapoteza nini."

Mama Pasi alitaka kucheka, maana maneno yenyewe yalikuwa ya kuchekesha. Ila kicheko hakikuja.

Ndani ya chumba cha vipimo mkwe wake alikuwa na mwenzake, daktari mmoja mwembamba ambaye wauguzi walimwita Daktari Gesi, na kwa uchokozi huo huo mkwe wake walimwita Daktari Mkanda. Walisoma darasa moja na tangu hapo hawajaacha kutambiana. Walimwekea kidevu kwenye mashine, wakawa wanapokezana kumtazama, huyu akitoka huyu akiingia.

"Hili lina lenzi ya bandia," alisema Daktari Gesi. "Na mfuko wa lenzi umeshaingia ukungu pembeni. Matundu ya retina kwenye macho kama haya huwa madogo, yako ukingoni kabisa, kutoka nje utayatafuta mpaka uchoke. Ingia ndani. Toa ule ute uliojaa ndani ya jicho, mulika, tundu ulione kwa macho yako, lichome kwa miale, jaza gesi iikandamize retina ukutani. Imekwisha."

"Imekwisha kwako. Yeye atalala kifudifudi siku ngapi? Mama wa umri huu?" Mkwe alikuwa anaongea juu ya utosi wa Mama Pasi kana kwamba ni meza. "Mkanda unazungushwa nje ya jicho, unalibana, ukuta unasogea ndani kuifuata retina. Sijaingia ndani, sijatoa ute wa mtu. Kesho yake anatembea."

"Anatembea akigonga milango, ikiwa tundu umelikosa."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliozoeana. Kisha Daktari Gesi akatazama mara nyingine, akaacha kucheka.

"Kiini bado kimeshika, lakini maji yako ukingoni kabisa. Mfanyie leo."

"Jumamosi."

"Mfanyie leo, hata kwa huo mkanda wako. Chumba kiko wazi."

"Na Jumamosi niwaonyeshe nini?"

Mama Pasi, kidevu kwenye mashine, alisubiri neno la mtu mwenye haya. Alikuwa na imani na yule mwembamba.

"Haya," alisema Daktari Gesi. "Wangu hana haraka. Jumamosi."

Wenye elimu hii husahau kwamba jicho limeungana na masikio. Mama Pasi aliinua kidevu, na hasira ikampanda, ile ile iliyokuwa ikimpanda alipofunua kikapu cha nguo za wageni akakuta zimefungiwa mbichi tangu wiki iliyopita. Mama mkwe hamfokei mkwe mbele ya mwenzake. Alisubiri hadi yule mwingine akatoka.

"Mwanangu," alisema, "nimesikia. Kama chumba kiko wazi, nifanyie leo. Hiyo ya mashindano mtafute mtu mwingine."

"Mama, yule ni mshindani wangu, anataka nitoke mchezoni. Wewe ni mama yangu. Nitakufanyia ovyo mimi?"

"Sikusema ovyo. Nimesema leo."

"Niamini, Mama," alisema, akamshika bega, na mkono wake ulinukia sabuni nzuri.

Jioni alimwambia binti yake. Alitegemea binti atawaka moto. Binti alikaa kwenye ukingo wa kitanda akipapasa tumbo lake.

"Najua kuhusu mkutano," alisema. "Mama, ni siku mbili tu. Profesa atakuwepo. Mume wangu akifanya vizuri watampa uongozi wa idara. Usimvuruge akili sasa hivi, tafadhali, na mimi nilivyo hivi."

"Alikwambia kuhusu kiini?"

"Kiini gani?"

Mama Pasi alimtazama. Mdomo wa binti yake ulikuwa umeanza kuzama ndani ya kivuli, maneno yakawa yanatoka mahali pasipo na mdomo. Akafikiria lile tumbo, akafikiria binti akilia njia nzima kurudi nyumbani, akanyamaza. Alijiambia labda yatakwisha salama. Hata yeye hakujiamini alipojiambia.

Ijumaa alipokuja, binti yake alikuwa na nywele na paji la uso. Chini ya hapo hapakuwa na mtu.

Jumamosi wakamfunika. Muuguzi alimwambia ashike mkono wake, na akitaka kukohoa au akiumwa aubane, ila asiongee wala asitikisike. Mkwe alivishwa kipaza sauti shingoni. Huko ukumbini mwendesha kikao, mtu mwenye sauti ya mafuta, akawakaribisha wote.

"Kulia kwenu ni gesi, kushoto kwenu ni mkanda. Jamani, kuwekeana dau hakuruhusiwi."

Wakacheka. Mkwe naye akacheka, na kicheko chake Mama Pasi alikisikia mara mbili, hapo juu yake na kwenye spika. Kisha yakaja yale makofi ya kwanza.

Ikaendelea hivyo. Mkwe alikuwa anasimama kila baada ya hatua kuwaeleza, mkono mmoja ukionyesha, huku jicho la Mama Pasi likiwa limefunguliwa kwa vibanio na likimwagiwa maji lisikauke. Aliambiwa hatahisi kitu, na kweli hakuhisi kitu, lakini alikuwa anajua. Alijua kwamba watu wanatazama nyama ya jicho lake iliyokuzwa ikawa pana kama ukuta, wakinywa chai. Mtu mmoja aliuliza kama kamera inaweza kusogea kushoto. Kamera ikasogea.

Halafu mkwe akaanza kutafuta tundu. Mwanzoni alikuwa anaongea. Baadaye akaongea kidogo. Baadaye ikawa ni pumzi yake tu kwenye spika, na vidole vyake vikibonyeza jicho kwa nje hapa, sasa hapa, sasa pale tena.

"Kuna ukungu kwenye mfuko wa lenzi," alisema hatimaye.

"Tuliambiana," ilisema sauti ya Daktari Gesi kutoka chumba cha pili, na ukumbi ukaangua kicheko. "Mimi huku najaza gesi tayari."

"Nitazungusha mkanda mpana, jicho zima. Popote tundu lilipo litakuwa ndani."

Ukumbi ulinong'ona. Ndipo akainuka mwanamke mmoja, sauti yake kavu, haina mzaha hata chembe.

"Daktari, hapo kiini nakiona kimeinuka. Mgonjwa huyu alifika lini?"

Mkono wa muuguzi ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Pasi. Ulikakamaa.

"Leo asubuhi," alisema mkwe. "Amechelewa. Ndiyo tatizo la wagonjwa wetu, mtu anakaa na kivuli nyumbani hadi kiini kinaondoka, ndipo anakumbuka hospitali."

Watu wakaguna kwa huruma. Walimhurumia yeye, daktari, anayepata tabu na wagonjwa wajinga. Mama Pasi aliisikia ile huruma ikipita juu yake, ikamnukia kama maji ya kufulia yaliyolala. Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuchelewa, hata siku ile ya dumu alifika kabla ya zamu yake. Akafungua mdomo chini ya kitambaa.

"Nilikuja Jumanne," alisema.

Kipaza sauti cha shingoni mwa mkwe kilimnasa vizuri kabisa. Sauti yake ilizunguka ukumbi, ikarudi kwake kupitia spika, ya kizee kuliko alivyodhani.

Kisha mwendesha kikao akasema, "Tumepata mchango kutoka kwa jicho lenyewe," na ukumbi ukavunjika mbavu.

"Ni dawa za kutuliza," alisema mkwe. "Zinawachanganya siku."

Hakuwa amepewa dawa ya kutuliza hata tone. Alisema tena, "Nilikuja Jumanne, mwanangu, ulinipokea wewe," lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa, na safari hii maneno yake yalibaki naye chini ya kitambaa pamoja na joto lake. Muuguzi alimbana mkono. Hakujua kama anamwambia anyamaze au anamwambia amesikia. Mwisho wakapiga makofi marefu, ya madaktari wote wawili.

Upasuaji ulifaulu. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na kwa kipimo chao haukuwa uongo, retina ilirudi ukutani ikakaa. Kivuli kiliondoka. Mama Pasi aliziona tena ndala zake, aliona milango, aliona ncha za mapazia. Ila pale katikati, popote alipotupa jicho, palikuwa na ukungu mzito uliokula kile alichokuwa anakitazama. Akitazama saa, anaona ukuta na misumari. Akimtazama mtu, anaona masikio.

"Itarejea kidogo kidogo," alisema mkwe. "Cha muhimu retina imenyooka."

Mama Pasi alijua vya kutosha kuhusu kunyooka. Shuka lililoungua hunyooka vilevile ukilipiga pasi, hunyooka hata kuliko jipya, na hakuna mgeni anayelipokea.

Dereva wa lori alikutana naye kliniki, shingo imekakamaa kwa kulala kifudifudi. "Dada yangu, sakafu ya nyumba yangu sasa naijua kuliko mke wangu," alisema. Retina yake nayo ilishika. Katikati hapakurudi, kama alivyotarajia, lakini hakuna aliyekuwa amemwahidi kitu.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Walimweka mikononi mwake, na kila mtu chumbani akamsubiri aseme. Aliona vidole vya miguu. Akigeuza kichwa, aliona sikio moja, dogo, limekunjamana. Alimzungusha yule mtoto polepole kama mtu anayetafuta doa, na kila alipoufikia uso, uso ukaondoka.

"Anafanana na nani, Mama?" binti aliuliza.

"Ana masikio mazuri," alisema.

Binti alimchukua mtoto akaenda chumbani, na Mama Pasi alimsikia akipenga kamasi huko kwa muda mrefu. Sasa binti naye alikuwa amejua kiini ni nini.

Baada ya hapo mkwe akaanza kumpima nyumbani. Kila akija alimkalisha kwenye kiti, akainua vidole huku na kule, juu, chini, pembeni. "Hapa unaona? Na hapa? Hapa je?" Alisema anafuatilia maendeleo. Mama Pasi alijibu kwa uaminifu, ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, na moyoni akamlegezea kamba kidogo, akisema labda majuto yameanza kumla.

Kisha ikaitishwa siku ya majibu. Madaktari walewale, ukumbi uleule, wagonjwa wote wawili waletwe jukwaani. Mkwe aliomba kwa upole. Binti hakumwomba mama yake kitu, alisema tu atakuja na mtoto, akae nyuma.

Daktari Gesi alianza. Alimsimamisha dereva, akainua mkono mbele ya pua yake. "Vidole vingapi?"

"Mkono nauona," alisema dereva. "Vidole vyako sidai kuviona." Watu wakacheka, Daktari Gesi akakubali kwa kichwa, akakaa.

Mkwe akatanguliza picha ya retina ya Mama Pasi kwenye skrini. "Huyu mama alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hotelini," alisema. "Tazameni wenyewe. Imenyooka kama mashuka yake." Makofi.

"Mama, vidole vingapi?"

Aliviona vizuri, juu kidogo, upande wa kulia. "Vitatu," alisema kabla hajafikiri.

Makofi. Profesa aliguna kwa kuridhika.

"Na sasa?"

"Viwili."

Makofi tena. Na katikati ya makofi hayo ndipo Mama Pasi akatambua kwamba mkono haukuwa umehama. Ulikuwa pale pale, juu kidogo, upande wa kulia, mahali ambapo nyumbani alijibu ndiyo. Nyumbani mkwe hakuwa akimpima. Alikuwa akipima ukubwa wa lile shimo la ukungu, upande kwa upande, ili leo ajue pa kuweka mkono. Alijua shimo linaanzia wapi na linaishia wapi kuliko mwenye jicho, na akasimama nje yake kidogo, akitabasamu.

Ubaya wa kungojeshwa hadi Jumamosi alikuwa ameshaanza kuuzoea, kama mtu anavyozoea harufu ya mtaro. Huu ulikuwa mwingine.

"Na mara ya mwisho, Mama."

Mama Pasi alinyoosha mkono, akakishika kifundo cha mkono wa mkwe wake, akauvuta hadi mbele ya pua yake. Vidole vikayeyuka. Mkwe alijaribu kuurudisha kwa adabu, ikashindikana. Mwanamke aliyekamua mashuka nusu ya umri wake si wa kunyang'anywa kitu.

"Hapa sioni," alisema. Kipaza sauti kilikuwa wazi. "Niulize tena hapa, siyo kule. Kule uliniuliza nyumbani. Hapa ndipo unapokaa uso wa mjukuu wangu."

Mwendesha kikao alianza kusema jambo la kuchekesha, akaliacha njiani. Nyuma ya ukumbi mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa. Kisha ikaja ile sauti kavu ya mwanamke.

"Mama, siku ile ulisema ulikuja lini?"

Mkono wa mkwe ulikuwa bado ndani ya mkono wake, na ulikuwa umeanza kutoka jasho. Mama Pasi aliuachia. Alijifuta kiganja kwenye gauni, upande huu na upande huu, bila haraka, kama anayejifuta kitu alichokishika kwenye kikapu cha nguo chafu, kisha akamjibu yule mwanamke.